Mhojiwa Namba Saba

Ukitaka kujua idara ya siasa na uhusiano wa kimataifa inafanya nini hasa, usianze na mihadhara. Kasome ubao wa matangazo. Idara niliyosoma mimi (sitaitaja, maana nitakayoyasema yanazihusu idara nyingi) ilikuwa na ubao wa kioo kwenye korido ya ghorofa ya pili, na mambo yote ya dunia yalipita pale. Mgeni kutoka Ujerumani atazungumza Alhamisi kuhusu usalama wa Pembe ya Afrika. Semina ya wanafunzi wa uzamivu imeahirishwa. Nafasi mbili za masomo Norway, mwisho wa kutuma maombi ulikuwa jana. Wafuatao hawajalipa ada. Na kila likizo ndefu ilipokaribia, ilibandikwa karatasi moja iliyochapwa kwa herufi ndogo: majina ya wanafunzi, mada zao, na wilaya watakazokwenda kukusanya data.

Kisarawe haikukosekana kwenye karatasi ile hata mwaka mmoja. Sababu yake haina nadharia yoyote ndani. Kisarawe iko karibu. Unapanda gari Gongo la Mboto, unapita Pugu, vilima vinaanza, na chai ya asubuhi haijashuka vizuri uko makao makuu ya wilaya. Mtafiti anaweza kulala kwake Dar es Salaam na bado akaandika kwamba amefanya utafiti vijijini. Halafu, tuseme ukweli, Kisarawe ina umaskini wa kutosha kujaza sura nzima ya matokeo.

Mimi nilikwenda mwaka 2012. Watu wengi hawajui kwamba kwa mtafiti safari ya Kisarawe inaanzia Kibaha. Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo barua ya chuo inakwenda kwanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Pale inazaa barua nyingine ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya ya Kisarawe, ambayo nayo inazaa barua kwa mtendaji wa kata, na hiyo ya kata inazaa ya mtendaji wa kijiji. Ukifika kijijini umebeba ukoo mzima wa barua. Kwenye ramani wilaya hizi ni majirani, zinagusana. Kwa basi, unarudi Dar es Salaam kwanza ndipo uende upande wa pili, labda kama una moyo wa kupita ile barabara ya vumbi ya Mlandizi, Mzenga hadi Maneromango, ambayo mvua zikikolea inakuwa habari nyingine.

Mada yangu ilikuwa mbono kaburi. Siku hizi watu wamesahau, lakini kuna miaka mmea ule ulikuwa habari ya dunia. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafirishaji itoke kwenye vyanzo jadidifu. Sasa wakubwa wakitaka mafuta yanayoota, lazima pawepo mahali pa kuyaotesha. Kampuni moja ya Uingereza ikapata hekta 8,211 wilayani Kisarawe, ardhi iliyotoka kwenye vijiji 11, kwa hati ya miaka 99. Hati ilitoka 2009. Mwaka 2011 kampuni ikafunga shughuli. Miaka 99 ikaisha kwa miaka miwili.

Kwa mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa hiyo ilikuwa zawadi. Huhitaji kwenda Brussels kuiona Brussels. Imekaa pale, imeota magugu. Na si mimi tu niliyeona hivyo. Nilipofika kijiji kimoja cha ndani, mzee mmoja ambaye nitamwita Babu, kama nilivyomwita siku zote, alinikaribisha kiti akaniuliza natoka chuo gani. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole. "Wewe wa saba kwangu," akasema. "Nimeshahitimisha Wazungu wanne na Wabongo wawili. Sisi hapa ni chuo kikuu, mjukuu wangu, ila hatutoi joho."

Nilikaa wiki tano. Nilihoji watu thelathini na mmoja, kila mmoja nikamsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, nikamweleza kwamba jina lake halitaandikwa popote, atakuwa namba. Wengi hawakuelewa kwa nini. "Kwani nasema uongo?" mama mmoja aliniuliza. Lakini walikubali, na nikarudi mjini na madaftari manne.

Hapa inabidi nieleze sheria kidogo, nivumilie. Ardhi ya Tanzania Bara iko mafungu matatu: ya hifadhi, ya kijiji, na ya jumla. Mgeni hapewi ardhi ya kijiji. Kwa hiyo anapokuja mwekezaji wa nje, ardhi inatolewa kwanza kwenye fungu la kijiji na kuingizwa kwenye fungu la jumla, ndipo apewe. Kitendo hicho kinaitwa uhawilishaji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Na ikishahawilishwa imehawilishwa. Mwekezaji akifilisika, ardhi hairudi yenyewe nyumbani kama mbuzi jioni.

Swali la tasnifu yangu lilikuwa dogo tu: kwenye ile mikutano, nini kilisemwa? Mihtasari ipo. Inasema "wananchi waliridhia." Nilitaka kujua kuridhia kule kulikuwaje.

Tasnifu ikaandikwa kwa Kiingereza, kama zinavyoandikwa zote. Ilipita mwaka 2013. Nakala moja iko maktaba, nyingine kwangu chini ya televisheni. Baadaye nikaingia kwenye kazi ya kutafsiri: mikataba, maelezo ya dawa, mara moja moja hadithi za watoto. Siasa nikaiacha ifanywe na wenyewe.

Mwaka 2023 Babu alinipigia simu. Namba yangu alikuwa nayo miaka yote kumi, imeandikwa ukutani kwa mkaa, aliniambia, karibu na ya fundi baiskeli. Kijiji kilikuwa kinajiandaa kupanga upya mpango wa matumizi ya ardhi na mkutano mkuu umeitwa. Vijana wanasema hili, wazee wanasema lile, na nusu ya waliokuwa kwenye mikutano ya kipindi kile wamefariki. "Wewe uliandika," Babu akasema. "Tulikwambia, ukaandika. Sasa tusomee."

Nikamwambia kitabu chenyewe ni cha Kiingereza.

"Sisi tulikwambia kwa Kiingereza?"

*

Kibaha anaishi mwalimu wangu wa zamani, aliyefundisha nadharia za siasa mpaka alipostaafu na kuhamia kwenye kuku, kama nusu ya wastaafu wa Dar es Salaam. Nilipoanza kutafsiri tasnifu ile nilikuwa nakwenda kwake kila Jumamosi. Tunakaa kibarazani, kuku mia tatu wanapiga kelele nyuma ya nyumba, yeye na miwani yake, mimi na kompyuta.

Kibaha ni mji wa ajabu kwa mtu aliyesomea mambo yetu. Wengi wanaujua kama mahali basi linapopunguza mwendo pale Maili Moja. Lakini ukiangalia vizuri, karibu kila zama ya uhusiano wetu na nje imeacha jengo pale. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha kituo chao Tumbi: shule ya sekondari, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 wakakikabidhi kwa serikali kikawa Shirika la Elimu Kibaha, na shule ile hadi leo mtoto akichaguliwa kwenda, ukoo unachinja. Kisha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu, utaalamu wa Cuba, kilichozinduliwa 2015. Na kule Kwa Mfipa kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais Magufuli Julai 2018, na Rais Samia akaifungua tarehe 23 Februari 2022. Ni ya vyama sita vilivyopigania ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, na ujenzi uligharamiwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Makada wa nchi sita wanakuja kusoma uongozi.

"Unaona," Mwalimu aliniambia siku moja, akinyoosha mkono kuelekea huko bila kusimama, "Kibaha watu wanakuja kufundishwa siasa. Kisarawe wanakuja kuichukua. Katikati hapo pana kilomita ngapi?"

Sikujibu, nilikuwa natafuta Kiswahili cha neno "power." Huyu bwana neno hili alilifundisha miaka thelathini kwa Kiingereza. Nikampa: nguvu. Akakataa, nguvu anayo hata punda. Uwezo? Uwezo ni wa fedha. Mamlaka? Mamlaka yana mhuri. Mwenye nguvu za kweli kijijini anaweza asiwe na mhuri hata mmoja. Madaraka? Madaraka hupewa, halafu yanakulevya. Tulipoteza saa nzima. Mwishowe tukaamua kwamba Kiswahili hakijapungukiwa hapo. Kiingereza ndicho kimekusanya watu wanne kwenye shati moja, na kila mahali neno lile lilipotokea ilibidi tuulize ni nani kati yao aliyelivaa.

Kwenye "stakeholders" tulicheka. Wadau, bila shaka, neno lipo kila semina nchi hii. Lakini mdau ni mwenye dau, na dau huku pwani ni kile unachoweka kwenye mchezo, tena ni chombo cha baharini. Kwa watu wangu wa Kisarawe, Mwalimu alisema, dau lenyewe walilikuta limeshang'oa nanga.

Neno lililotutesa kuliko yote halikutoka kwenye Kiingereza. Lilitoka kwenye madaftari yangu. Karibu kila mhojiwa, nilipomuuliza kuhusu mikutano, alisema, "Tulishirikishwa." Kwenye tasnifu likawa "participated," na mtahini hakuona shida, na kamusi yoyote itakuunga mkono. Lakini tulipolirudisha kibarazani Kibaha, Mwalimu alilikata vipande kama anakata muhogo. Kushiriki. Kushirikisha. Kushirikishwa. "Angalia," akasema, "kila ukiongeza kiambishi, mtu anasogea mbali na meza. Wa kwanza amekaa. Wa pili anamvutia mwenzake kiti. Wa tatu amesimama mlangoni anasubiri aambiwe aingie." Mtu wa Kisarawe anaposema tulishirikishwa, anakwambia kwa adabu kabisa kwamba aliitwa, akaambiwa, akarudi nyumbani. Kilichokuwa ndani ya neno kilijulikana na kila aliyelitamka. Kiingereza hakikuwa na mahali pa kukiweka.

Na kuridhia? Kuridhia ndilo neno la Bunge. Bunge linaridhia mikataba ya kimataifa. Neno hilo hilo limo kwenye muhtasari wa kijiji. "Tofauti ni kwamba Bunge likiridhia lina nyaraka," Mwalimu akasema. "Kijiji kikiridhia kina soda."

Mwalimu alikuwa akichoka na maneno anahamia kwenye historia, na mimi nilimwacha, maana anasimulia vizuri. Alinikumbusha Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza karibu 400, warudi kwao vijijini. Alinikumbusha Museveni akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na ile safari yake na wenzake ya mwaka 1968 kwenda maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO. Akarudi akaandika utafiti wake wa chuo kuhusu Fanon na matumizi ya nguvu. "Huo nao ulikuwa utafiti wa kwenda uwandani," akasema Mwalimu, "ila yule alihitimu na bunduki." Halafu kukaja The African Review, jarida la Idara ya Sayansi ya Siasa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, linalotoka tangu 1971. Lina hoja nzito zilizojenga vizazi vya wasomi wetu, yeye mwenyewe akiwemo, na ni la Kiingereza.

Nikamuuliza kwa nini, wakati huo ambapo Mlimani ilikuwa inawaka moto wa ukombozi, hakuna aliyeona ajabu kwamba moto wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Alifikiri kidogo. Alisema walikuwa wanaandika kwa ajili ya Afrika nzima, na Afrika nzima haijui Kiswahili. Ni jibu la kweli na silidharau. Lakini rais wao, akiwa na nchi ya kuendesha, alipata muda wa kukaa na Shakespeare, akatoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha tena 1969, mwaka aliotoa na Mabepari wa Venisi. Mtu yule aliona kwamba hotuba ya mwanasiasa juu ya maiti inafaa isikike kwa lugha ya wanaohutubiwa. Wanasayansi wa siasa walibaki kuichambua hotuba hiyo kwa lugha nyingine. Sisi wasomaji wa fasihi tunapenda kulalamika kwamba riwaya hazisomwi. Tasnifu je? Hizo hata hazijaandikwa ili zisomwe na wanaozungumzwa ndani yake.

Ile sentensi ya ukurasa wa 64 tulifika mwezi wa tatu wa kazi. Kwa Kiingereza inasema kitu ambacho, nikikitafsiri neno kwa neno, ni hiki: "Baadhi ya wahojiwa walieleza wasiwasi kuhusu upotevu wa maeneo yenye umuhimu wa kiutamaduni." Mwalimu akasoma, akavua miwani. "Hii si Kiswahili. Hii ni barua ya wilayani. Huyo mtu alisema nini?"

Nikafungua daftari la tatu. Mhojiwa namba saba. Mwanamke, miaka 58, mkulima wa muhogo na korosho. Maneno yake nilikuwa nimeyaandika kama yalivyotoka:

"Mbono sisi tunaujua, ndiyo maana unaitwa mbono kaburi. Unaupanda kaburini ili mpita njia ajue hapa pana mwenzetu, asikanyage. Sasa wao wamepanda mbono shamba zima. Utajuaje nani kalala wapi?"

Kuku wakapiga kelele zao. Mwalimu hakusema kitu kwa muda, kisha akaniambia niyaweke yote, nisiguse hata nukta.

*

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji, saa nne kasoro. Kulikuwa na watu kama mia na ishirini, akina mama upande wa kivuli kizuri kwa sababu walifika mapema. Dua ilisomwa, mwenyekiti akafungua, mtendaji akasoma ajenda. Nilikuwa ajenda ya tatu, kati ya taarifa ya mapato na matumizi na suala la mifugo inayoingia mashambani. Nilichapa kurasa arobaini tu, nikaacha nadharia yote. Hakuna aliyeiulizia.

Nilisoma kwa saa moja na robo. Nimeshawahi kuwasilisha mada kwenye makongamano mawili ya kitaaluma, ambako watu kumi na tano hukusikiliza huku wakiangalia simu na mmoja anakuuliza swali ambalo ni maelezo ya utafiti wake mwenyewe. Chini ya mwembe ule nilikatizwa mara ya kwanza kabla sijamaliza ukurasa wa pili. Mzee mmoja alisimama kupinga tarehe ya mkutano wa kwanza. Kwa hesabu yake ulikuwa kabla ya Ramadhani. Mwingine akampinga kwa ushahidi wa mtoto aliyezaliwa wiki hiyo, na mtoto mwenyewe, jitu la miaka kumi na sita, akaoneshwa hadharani, akaona aibu. Mtendaji, kijana aliyehamia miaka mitatu tu iliyopita, alikuwa anaandika haraka haraka kwenye daftari lake. Nilipofika kwenye ile habari ya kushirikishwa na viambishi vyake, nilidhani nitawachosha. Walicheka. Si kicheko cha kuchekesha. Kile cha mtu aliyekamatwa akiongea peke yake.

Halafu wakaanza mchezo ambao fomu ya ridhaa haikuutabiri. Kila niliposoma maneno ya mhojiwa, wakawa wanamtafuta. "Namba kumi na mbili huyo ni marehemu fundi, nani mwingine anasema 'kwa mujibu'?" "Namba nne mwongo, hakuwepo!" Niliwaomba waache, nikaeleza tena habari ya siri. Wakanisikiliza kwa heshima, wakaendelea.

Nikasoma namba saba.

Kelele zilikatika. Nilisikia mtu nyuma akisema "Innalillahi" kwa sauti ndogo. Kisha mzee mmoja mwenye kanzu ya kijivu, ambaye mwaka 2012 nilimhoji mambo ya ajira tu na hakutaja kaburi hata moja, alisimama polepole, akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Namba saba ni mimi," akasema. "Maneno hayo nilisema mimi."

Hakuna aliyembishia. Mimi nilikuwa naijua sauti iliyosema maneno yale, na nilikuwa nimeshamwona aliyeyasema: amekaa safu ya pili upande wa akina mama, kanga ya njano, umri umemwongezea miaka kumi na kumpunguzia meno. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Mjadala uliofuata ulichukua muda kuliko usomaji wangu. Sitausimulia wote, mengine ni ya kwao. Walizungumzia makaburi, walizungumzia mipaka, walizungumzia nani atakwenda wilayani na kwa nauli ya nani. Mtendaji aliposoma muhtasari wake wa awali, ulianza hivi: "Wananchi walishirikishwa katika..." Hakumaliza. Mkutano mzima ulimpigia kelele, yeye mwenyewe akacheka, akafuta. Babu akamwambia, "Andika tumesema. Halafu andika tulichosema. Usiandike kitu kingine." Ikabidi kurudiwa mwanzo, kila aliyetoa hoja akairudia, na jua likahama upande mwingine wa mwembe, akina mama wakahama nalo. Ajenda ya mifugo ikasogezwa mkutano ujao. Sijui kama wilayani watausoma muhtasari ule. Una kurasa kumi na moja, na kwenye ukurasa wa sita mbono umeandikwa kwa jina lake kamili.

Jioni, nikisubiri pikipiki ya kunipeleka Maneromango, yule mama alinituma mjukuu. Nikaenda kwake. Shikamoo, marahaba, muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Nikamwambia nasikitika kwamba maneno yake yamechukuliwa mbele ya watu, na kwamba akitaka naweza kumweleza mwenyekiti.

"Mwache," akasema. "Ana wadogo zake wawili mle shambani na mama yake. Namba yenyewe si inatutosha wote?"

Aliomba ule ukurasa. Nikaukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la kanga, pale wanapofunga hela. Kisha akaniuliza wale wasomi walioyasoma maneno yake kule chuoni kwa Kiingereza, wao walisemaje.

Nikamwambia ukweli. Mtahini aliipigia mstari ile sentensi, na pembeni akaandika neno moja: fafanua.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Haya," akasema, "sasa kamfafanulie."